Asubuhi ni ya Watembezi, Alasiri ni ya Radi
Kuielewa hewa ya Kisii na Nyamira kabla ya kuwatoa watoto matembezini

Watu wa mwambao ni watu wa upepo. Tangu zama za majahazi, wazee wetu walijua Kaskazi itaingia lini na Kusi itakoma lini, na nahodha asiyejua kuusoma uso wa mbingu hakukabidhiwa chombo. Hata leo mvuvi wa Vanga au wa Lamu hatweki tanga kabla hajainua macho juu. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, apandapo basi la usiku kwenda kuwazuru jamaa zake Kisii, huiacha elimu hiyo bandarini. Hudhani kwamba mvua ni mvua na wingu ni wingu, popote liwapo.

Mambo hayako hivyo. Kaunti za Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, na mvua ya mawe, ambayo mtoto wa Mombasa aweza kukua asiione, huko ni jambo la kawaida. Aila zetu nyingi zina uhusiano na nchi hiyo. Wapo vijana wanaosoma Chuo Kikuu cha Kisii, wapo waalimu na wafanyibiashara, na wapo mabinti walioolewa huko. Likizo za shule zikifika, watoto huenda kucheza, kupanda vilima na kuchezea maji mitoni. Basi yafaa kila mama anayefunga sanduku la safari ajue jambo moja: hewa ya nchi ile ina ratiba yake, na mwenye kuijua hupanga matembezi yake kwa salama.

Ziwa, vilima na jua

Tuanze na tunalolijua. Huku pwani, jua la mchana likisha kuichoma ardhi, upepo hutoka baharini kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka, ukavuma umande kutoka bara, nao ndio uwatoao wavuvi alfajiri. Sababu ni kwamba ardhi hupata moto upesi na kupoa upesi, na maji hufanya yote mawili polepole. Hewa iliyopata moto huwa nyepesi ikapanda juu, na hewa iliyo baridi zaidi huja kuchukua mahali pake.

Ziwa Victoria hufanya vivyo hivyo. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800, na maji yake yako kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kutoka ufuo wa Homa Bay mpaka mji wa Kisii si mwendo mrefu, lakini nchi hupanda sana: mji wa Kisii uko kwenye kimo cha kama mita 1,700, na vilima vya Nyamira viko juu zaidi. Kunapopambazuka, anga ya huko aghalabu huwa safi. Jua likipanda, ardhi hupata moto, na upepo wa ziwani uliobeba unyevu mwingi huanza kuingia bara. Ufikapo vilimani hauna njia ila kupanda. Huko juu hukutana na upepo utokao mashariki, upande wa bahari yetu. Pepo mbili hizo zikisukumana, hewa yenye unyevu hulazimika kwenda juu zaidi.

Hewa ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka matone. Hapo ndipo yaonekanapo, mnamo saa tano au saa sita mchana, mawingu meupe mfano wa marobota ya pamba. Mengine hubaki hivyo mpaka jioni. Mengine huendelea kukua, kimo kikashinda upana, tumbo likawa jeusi na kichwa kikatanda bapa kama fuawe la mhunzi. Hilo ndilo wingu la radi, na kilele chake chaweza kupita kilomita 12 kwenda juu.

Kwa hiyo mvua kubwa ya Kisii na Nyamira aghalabu hunyesha alasiri na jioni. Usiku upepo hugeuka ukaelekea ziwani, na dhoruba nazo huhamia juu ya maji, ndiyo maana mvuvi wa ziwani huogopa zaidi saa za usiku na alfajiri. Isitoshe, nchi hii haina kiangazi kirefu kama chetu. Mvua yake hupita milimita 1,500 kwa mwaka na hunyesha takriban kila mwezi, ingawa masika ya Machi mpaka Mei ndiyo yenye nguvu zaidi. Mgeni asijidanganye kwamba Agosti au Disemba ni salama.

Radi huzaliwaje

Ndani ya wingu hilo kuna pilikapilika kubwa. Karibu na Ikweta, baridi ya kugandisha maji huanza kwenye kimo cha kama mita 4,500 hadi 5,000. Hewa ipandayo kwa nguvu hupita kimo hicho ikiwa na matone, nayo hugeuka barafu. Vipande vizito huanguka vikigongana na vidogo vinavyopandishwa na upepo, na katika kugongana huko vidogo hupata chaji ya umeme ya aina moja, na vizito ya aina nyingine. Kila mmoja wetu amewahi kuvua nguo ya nailoni gizani akasikia mlio na kuona cheche. Jambo ni lile lile, ila wingu ni kubwa mno.

Chaji zikizidi, hewa hushindwa kuzizuia, na umeme huruka ndani ya wingu au kuja ardhini. Njia unamopita hupata joto la karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, takriban mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa iliyochomwa hivyo hutanuka kwa ghafla, na mshindo wa kutanuka huko ndio ngurumo.

Barafu hiyo hiyo ndiyo mvua ya mawe. Huku kwetu ikianguka kutoka kimo cha mita 4,500 hupita katika hewa yenye joto mpaka ikawa maji kabla ya kufika. Huko vilimani ardhi yenyewe iko juu, safari ya kuanguka ni fupi, na mawe hufika mazima. Wakulima wa chai na migomba wanayajua vyema, maana robo saa moja yatosha kuharibu kazi ya miezi. Jirani zao wa Kericho na Nandi walisumbuliwa nayo hata katika miaka ya 1960 wenye mashamba wakajaribu kutumia ndege kutawanya kemikali mawinguni ili kuizuia.

Aya ya 43 ya Sura An-Nur inataja mawingu, mvua, mvua ya mawe na umeme mahali pamoja. Hayo manne hukutana katika wingu moja, na mwenye kusimama Nyamira saa tisa mchana aweza kuyaona yote kwa mpigo.

Siku kwa vipindi vya sala

Njia nyepesi ya kuikumbuka ratiba hii ni kuipanga kwa sala zetu.

Baina ya Alfajiri na Adhuhuri ni wakati wa watembezi. Mkitaka kupanda Manga, ukingo ule mrefu wa Nyamira ambao mtu akisimama juu yake huiona nchi ikishuka kuelekea ziwani, ondokeni mapema, mfike juu asubuhi na mwanze kushuka kabla ya Adhuhuri. Wakati huo pia ndio wa watoto kucheza mpira, kutembea mashambani na kukaa kando ya mto.

Adhuhuri ni wakati wa kutazama juu. Mkitoka kuswali, angalieni upande wa ziwa na upande wa vilima. Mawingu yaliyokuwa ya pamba yakianza kuinuka kama minara, kipindi cha uwanjani kimekwisha.

Baina ya Adhuhuri na Magharibi ni wakati wa kuwa karibu na nyumba. Ndio wakati wa kwenda Tabaka kuwatazama mafundi wa mawe ya sabuni wakiwa ndani ya karakana zao, kuzuru jamaa mjini, au kusoma na watoto. Hii si sheria isiyovunjika, kwani ziko siku ambazo radi huja asubuhi, hasa wakati wa masika. Kwa hiyo sikilizeni utabiri pia. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya hutoa taarifa za kila siku na za wiki, na katika taarifa hizo Kisii na Nyamira hutajwa pamoja na nyanda za juu za magharibi mwa Bonde la Ufa na eneo la Ziwa Victoria. Mkisikia "ngurumo za radi mchana", hesabuni kwamba mmeambiwa nyinyi.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo. Nuru ya umeme hutufikia papo hapo, lakini sauti huchukua sekunde tatu hivi kwa kila kilomita. Mkiona umeme, hesabuni mpaka msikie ngurumo. Sekunde 15 maana yake ni kilomita tano, na 30 ni kilomita kumi. Radi yaweza kupiga kilomita kumi mbali na mahali mvua inaponyesha, kwa hiyo aisikiaye ngurumo tayari yumo katika masafa yake, hata jua likiwa linamuwakia utosini. Kanuni ya wataalamu ni fupi: ukisikia ngurumo, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wengi huumizwa kabla ya tone la kwanza, na wengine huumizwa wanapodhani kwamba mvua imekwisha.

Imepokewa kwamba Abdallah bin Zubeir (r.a.) alikuwa akisikia ngurumo huacha mazungumzo na kumsabihi Mola wake. Adabu hiyo ina hekima ya pili kwa mzazi. Ngurumo ya kwanza iwe ndiyo alama ya kukatiza yote: mpira uachwe, chai iachwe, watoto wahesabiwe, watu waingie ndani.

Pa kukimbilia na pasipokimbiliwa

Swali ni kuingia ndani ya nini. Jirani zetu wa Uganda wamelijua jibu kwa gharama kubwa. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18 wakiwa darasani. Agosti 2020, huko Arua, watoto waliokuwa wakicheza mpira waliona mvua inakuja wakakimbilia kibanda cha jirani. Radi ikapiga kibanda hicho, na watoto kumi wakafariki. Watoto wale walifanya walilofundishwa na kila mtu, yaani kuikimbia mvua. Hawakuambiwa kwamba kinachokinga mvua si lazima kikinge radi.

Mahali pa salama ni jengo kubwa la mawe au matofali lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji ndani ya kuta, kwa sababu radi ikilipiga hupata njia ya kushukia ardhini bila kupita katika mwili wa mtu. Misikiti mikubwa, hospitali na majengo mengi ya mjini ni ya aina hii. Gari la bati lililofungwa madirisha nalo ni salama, kwani umeme hupita juu ya bodi lake. Ikiwa matatu yenu iko karibu, ingieni humo.

Kibanda cha nyasi, nyumba ya udongo isiyo na nyaya wala mabomba, hema la harusi, banda la kupimia majani ya chai lililo wazi pande zote, na kibanda cha abiria kando ya njia, vyote hukinga mvua tu. Bodaboda na tuktuk hazikingi kitu. Kibaya kuliko vyote ni mti. Mikaratusi ya Kisii ni mirefu na huivuta radi, na radi ikiupiga mti huruka hadi kwa aliye chini yake. Hata usiporuka, umeme hutawanyika ardhini kuzunguka shina, ukapanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ndiyo maana ng'ombe walio chini ya mti mmoja hufa pamoja, kwani miguu yao iko mbalimbali.

Miongoni mwa wenye kuhatarishwa katika nchi hiyo ni wanawake wanaochuma chai. Chai humfika mchumaji kiunoni, kwa hiyo katika shamba zima yeye ndiye aliye mrefu kuliko vyote. Dada zetu wanaochuma chai, na wageni wanaopenda kwenda nao kujionea, waafikiane mapema ni nyumba gani watakayoikimbilia na watachukua dakika ngapi kuifikia. Ikiwa ni dakika kumi, wasingoje ngurumo iwe karibu.

Ndani ya nyumba pia kuna adabu zake. Msioge wala kuosha vyombo kwa maji ya bomba, msishike simu iliyounganishwa na umeme, na msitoke kuanua nguo zilizo kwenye waya. Nguo zikilowa zitakauka kesho. Ama kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu, mambo waliyotufundisha mabibi zetu kwa mapenzi, hayaongezi wala hayapunguzi kitu. Radi hutafuta kimo na njia ya kushukia. Rangi ya kanga haiijui.

Na ikiwa mmekamatwa mlimani bila nyumba wala gari, shukeni kutoka ukingoni, ondokeni kwenye maji na kwenye mti ulio peke yake, kisha mtawanyike, kila mtu mbali na mwenzake, ili radi ikipiga isiwapate wote. Asiyeweza kwenda mbele achuchumae, miguu ikiwa pamoja, wala asilale chini. Hilo hupunguza hatari bila ya kuiondoa. Ukumbukeni na mto pia: Gucha na vijito vyake vyaweza kujaa ghafla hali ya kuwa mlipo kuna jua, kwa sababu mvua imenyesha kule juu.

Aliyepigwa na radi

Watu wengi huogopa kumgusa aliyepigwa, wakidhani umeme ungali mwilini mwake. Haumo. Mwili haushiki umeme huo, na kuchelewa kumgusa ndiko kunakoua. Radi huua hasa kwa kusimamisha moyo na pumzi, na vyote viwili vyaweza kurejeshwa vikishughulikiwa mara moja. Wakiwa wengi, anzeni na aliyenyamaza kama maiti; anayelia yu hai. Kama hapumui, mlazeni chali, mbonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na anayejua kumpulizia pumzi ampulizie. Mwenzenu apige 999 au 112. Wala mtu asizuiliwe na kuwa aliyelala si maharimu wake. Dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kuokoa roho ni katika dharura kubwa.

Tusimsingizie mtu

Elimu hii ina faida nyingine, nayo ni kubwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki radi ikiua huulizwa: nani ameituma? Swali hilo huanza kama uvumi na laweza kuishia kwenye damu. Kisii imeonja matunda ya shutuma za uchawi. Mei 2008 wazee 11, wengi wao wanawake, waliteketezwa, na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani. Nasi wa pwani hatuna la kuwanyooshea kidole, kwani Kilifi nako wazee wameuawa kwa shutuma hizo hizo.

Hasira za namna hiyo hulishwa na kutojua sababu za mambo. Mwenye kujua kwamba wingu hujengwa na ziwa, vilima na jua, na kwamba hupiga palipo juu saa za alasiri, hana haja ya kumtafuta bibi kizee wa kumlaumu. Mfundisheni mtoto jinsi wingu linavyokua, na mtakuwa mmemkinga na radi, mkamkinga na dhambi ya kumdhania mwenzake.

Hofu na matumaini

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiona wingu zito, uso wake hubadilika, akaingia na kutoka, mpaka mvua inyeshe ndipo hutulia. Aliwakumbuka watu wa Aad, walioliona wingu likija wakalifurahia, kumbe ndani yake mna adhabu. Vilevile imepokewa kwamba usiku wa mvua na baridi muadhini aliamrishwa kuwatangazia watu waswali majumbani mwao. Ikiwa sala ya jamaa imepewa ruhusa kwa ajili ya mvua, mpira wa watoto na picha za kileleni Manga vitakosaje kupewa?

Tawakali haimzuii mtu kumfunga ngamia wake. Mvua ile ile itishayo ndiyo iivishayo ndizi na chai za Nyamira na kuzijaza chemchemi zake, na Qurani imeukutanisha umeme na hofu na matumaini kwa pamoja. Basi aila inayosafiri ikubaliane mambo matatu kabla ya kufika: matembezi ni ya asubuhi, ngurumo ya kwanza ndiyo amri ya kuingia ndani, na kila mtoto aijue nyumba atakayoikimbilia. Mambo haya yasemwe ndani ya basi, tena yarudiwe uwanjani kabla mpira haujawekwa chini.